Mawasiliano ya Haraka baina ya Kazi za Wakati Halisi na Kazi za Kawaida za Kiini cha Mfumo Endeshi: Misingi na Matumizi Yake Kigali

Ikisiri

Mitambo mingi inayotumika leo Afrika Mashariki, kuanzia ndege zisizo na rubani hadi mashine za hospitalini, hutekeleza kazi za aina mbili. Zipo kazi za wakati halisi, ambazo ni lazima zikamilike kabla ya ukomo wa muda uliowekwa. Na zipo kazi za kawaida, kama vile kuandika faili na kutuma taarifa mtandaoni, ambazo zikichelewa kidogo hakuna kinachoharibika. Makala haya yanaeleza jinsi kazi za aina hizo mbili zinavyoweza kupashana habari zikiwa ndani ya kompyuta moja. Hoja kuu ni kwamba kasi ya mawasiliano hayo haipimwi kwa wastani, bali kwa ucheleweshaji mkubwa kabisa unaoweza kutokea; na kwamba kasi hiyo hupatikana kwa kufuata kanuni moja, yaani kazi ya wakati halisi haiisubiri kazi ya kawaida kamwe. Kanuni hiyo ina gharama: baadhi ya data zinaweza kupotea, na mbunifu ndiye anayepaswa kuamua mapema ni data zipi.

Maneno ya msingi: wakati halisi, kiini cha mfumo endeshi, bafa ya mzunguko, kipaumbele, ucheleweshaji

1.0 Utangulizi

Mwezi Oktoba 2016, huduma ya kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani ilizinduliwa Muhanga, kusini-magharibi mwa Kigali, kwa ushirikiano wa serikali ya Rwanda na kampuni ya Zipline. Kituo cha pili kilifunguliwa Kayonza, mashariki mwa nchi, mwishoni mwa 2018. Ndege hizo hurushwa kwa manati, hudondosha kifurushi kwa parachuti, kisha hurejea kituoni. Hazihitaji uwanja wa kutua: zirudipo, hunaswa hewani kwa kamba inayokamata ndoano ndogo iliyo mkiani.

Ichukuliwe kwamba ndege ya aina hiyo inakwenda kilomita 100 kwa saa. Katika sekunde moja husafiri takribani mita 28. Amri ya kurekebisha bawa ikichelewa kwa milisekunde 50, ndege imekwisha kusogea karibu mita 1.4. Juu ya vilima, mita hiyo moja na kitu haina uzito. Mbele ya kamba, ndiyo tofauti kati ya kunaswa na kuanguka. Hata hivyo, ndege yoyote isiyo na rubani hutakiwa pia kuhifadhi kumbukumbu za safari, kutuma taarifa za mahali ilipo na kupokea mabadiliko ya njia. Kazi hizi za pili ni kubwa, zina programu nyingi, na muda wake hautabiriki. Swali linalojitokeza ni hili: kazi isiyoweza kuchelewa itazungumzaje na kazi isiyoweza kuahidi muda, bila ya kuambukizwa ucheleweshaji wake?

Swali hili linaigusa Kigali moja kwa moja. Jiji hili lina Kituo cha Umahiri cha Afrika cha Intaneti ya Vitu katika Chuo Kikuu cha Rwanda, ambako mifumo ya kompyuta iliyopachikwa ndani ya vifaa hufundishwa, na lina pia tawi la Carnegie Mellon University linalofundisha wahandisi wa fani za kompyuta. Aidha, mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lugha rasmi inapaswa kuweza kubeba pia maarifa ya ndani ya mitambo ambayo wananchi wanaitegemea kwa uhai wao.

2.0 Dhana za Msingi

Kiini cha mfumo endeshi ni ile programu ya ndani kabisa inayogawa rasilimali za kompyuta: zamu za kichakataji, kumbukumbu, faili na vifaa. Katika kiini cha kawaida, kama kile cha Linux, lengo la ugawaji huo ni kuridhisha wengi kwa wastani. Kila programu ipate haki yake, na kazi nyingi iwezekanavyo ikamilike kwa siku.

Kazi ya wakati halisi ina lengo jingine. Haitaki kuwa ya haraka kwa wastani. Inataka uhakika kwamba haitavuka ukomo wake hata mara moja. Kazi inayokamilika ndani ya mikrosekunde 10 mara 999,999, kisha ikachukua milisekunde 80 mara ya milioni moja, ina wastani mzuri sana. Ikiwa ukomo wake ni milisekunde moja, kazi hiyo imeshindwa.

Mfano wa stendi ya Nyabugogo unaweza kusaidia. Basi la kwenda Huye huondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Dereva anapofika na vifurushi kutoka safari iliyotangulia, anaweza kusimama dirishani akisubiri karani aandike stakabadhi ya kila kimoja. Siku karani akizidiwa na wateja, basi litachelewa. Njia nyingine ni kuweka vifurushi kwenye rafu iliyotengwa, akapiga kengele, akaondoka. Karani atakuja kuvichukua apatapo nafasi. Rafu ikijaa, dereva hasimami kungoja ipungue. Anafuata agizo alilopewa tangu mwanzo kuhusu kifurushi kisicho na nafasi. Sehemu zinazofuata zinaeleza rafu hiyo, kengele hiyo na agizo hilo.

3.0 Kwa Nini Njia za Kawaida Hazitoshi

Njia iliyozoeleka ya kushirikiana data ni kufuli. Kazi inayotaka kugusa data hufunga kufuli, hutumia data, kisha hufungua. Mwingine akikuta pamefungwa, husubiri. Miongoni mwa kazi za kawaida utaratibu huu unafaa. Kwa kazi ya wakati halisi una hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni kwamba muda wa kusubiri unategemea mwenye kufuli, na mwenye kufuli ni kazi isiyo na ahadi. Hatari ya pili ni kupinduka kwa kipaumbele. Mfano wake mashuhuri ni chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua kwenye sayari ya Mirihi mwezi Julai 1997. Kazi ya chini ya kukusanya data za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli lililohitajiwa na kazi ya juu ya kusimamia njia ya data. Kabla haijalifungua, kazi ya kati ya mawasiliano, isiyohitaji kufuli hilo hata kidogo, ilichukua kichakataji kwa sababu kipaumbele chake kilikuwa kikubwa kuliko cha mwenye kufuli. Kwa hiyo kazi ya juu ikawa inaingoja kazi ya kati bila ya kuwa na shughuli nayo. Kipima-muda cha usalama kiliona ukimya huo na kuiwasha kompyuta upya, tena na tena. Wahandisi walitatua tatizo kutoka duniani kwa kuwezesha urithi wa kipaumbele: mwenye kufuli hupandishwa kwa muda hadi daraja la anayemsubiri, ili amalize upesi na kumpisha.

Kufuli si kikwazo pekee. Kuomba kumbukumbu mpya kunaweza kukilazimu kiini kutafuta nafasi kwa muda usiojulikana. Kuandika faili kwenye kadi ya kumbukumbu kunaweza kusimama kwa mamia ya milisekunde kadi inapopanga upya data zake. Hata kuandika ujumbe mfupi kwenye skrini hupita katika kufuli kadhaa. Kazi ya wakati halisi inayoita huduma hizi katikati ya mzunguko wake huwa imekubali kuchukua udhaifu wao wote.

4.0 Mifumo ya Viini Viwili

Jibu la kihistoria lilikuwa kutenganisha. Katikati ya miaka ya 1990, Victor Yodaiken na Michael Barabanov, huko New Mexico nchini Marekani, waliunda RTLinux. Waliweka kiini kidogo cha wakati halisi chini ya Linux, na Linux yenyewe ikawa kazi ya kipaumbele cha chini kabisa: hupata zamu pale tu ambapo hakuna kazi ya wakati halisi inayotaka kutekelezwa. Paolo Mantegazza wa chuo cha Politecnico di Milano aliongoza mradi wa RTAI uliofuata wazo la karibu na hilo, na mwaka 2001 Philippe Gerum alianzisha Xenomai.

Siri ya mpangilio huu iko kwenye makatizo, yaani ishara ambazo vifaa hupeleka kwa kichakataji vinapotaka kuhudumiwa. Linux ya kawaida huzima makatizo inapogusa data nyeti. Chini ya RTLinux, Linux inapodhani imeyazima, kwa kweli imeweka alama tu kwenye kumbukumbu. Katizo likija, kiini kidogo hulipokea papo hapo. Likiwa la kazi ya wakati halisi hushughulikiwa, na likiwa la Linux huwekwa kando hadi Linux iondoe alama yake.

Hapa ndipo ugumu wa mawasiliano unapoanzia. Kazi ya wakati halisi inaweza kuikatiza Linux popote, hata ikiwa katikati ya kurekebisha orodha yake ya kazi zilizolala. Kazi hiyo ikiita utaratibu wa Linux wa kumwamsha msomaji, itaikuta orodha hiyo ikiwa nusu imebadilishwa, na mfumo mzima unaweza kuanguka. Kwa hiyo, kanuni ya kwanza ni kwamba kutoka upande wa wakati halisi haiitwi huduma yoyote ya Linux moja kwa moja.

Kinachofanyika ni kupiga kengele. Kazi huweka ujumbe kwenye bafa iliyotengwa mapema, huandika kwamba kuna katizo la kiprogramu linaloisubiri Linux, kisha huendelea na safari yake. Linux ipatapo zamu, na ikiwa tayari kupokea makatizo, hulikuta katizo hilo na kumwamsha msomaji kwa taratibu zake yenyewe. Katika RTLinux, bafa hizo zilionekana upande wa Linux kama faili za kifaa, kama vile /dev/rtf0, kiasi kwamba programu ya kawaida iliweza kuzisoma kama inavyosoma faili nyingine.

5.0 Rafu: Bafa ya Mzunguko

Bafa inayofaa zaidi kwa kazi hii ni ya mzunguko, yenye mwandishi mmoja na msomaji mmoja. Ni safu ya nafasi za ukubwa sawa pamoja na namba mbili. Namba ya kwanza huonyesha mwandishi atakapoandika. Ya pili huonyesha msomaji atakaposoma. Zikifika mwisho wa safu hurudi mwanzo. Uzuri wake ni kwamba kila namba hubadilishwa na upande mmoja tu. Mwandishi huitazama namba ya msomaji bila ya kuigusa, na msomaji vivyo hivyo. Pasipo kitu kinachobadilishwa na wawili, hapana haja ya kufuli.

Mambo matatu hutakiwa kuzingatiwa. La kwanza ni mpangilio wa maandishi. Vichakataji vya leo huweza kuonyesha mabadiliko ya kumbukumbu kwa mpangilio tofauti na ule wa programu. Msomaji aliye kwenye kichakataji kingine anaweza kuiona namba mpya kabla ya data yenyewe, akasoma takataka. Kwa hiyo, baina ya kuandika data na kutangaza namba huwekwa kizuizi cha kumbukumbu, ambacho ni agizo linalohakikisha kwamba yaliyotangulia yameonekana kabla ya yanayofuata.

La pili ni ukubwa. Chukua kazi inayopima mara 1,000 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na baiti 64. Ikiwa upande wa Linux unaweza kukwama kwa sekunde 2 ukiandika kwenye kadi, vipimo 2,000 vitarundikana. Bafa ya nafasi 2,048 inatosha kwa shida. Itachukua baiti 131,072, ambazo ni kidogo kwa kompyuta ya leo. Idadi ya nafasi huchaguliwa kuwa kipeo cha 2 ili kurudi mwanzo wa safu kufanyike kwa agizo moja jepesi. Ukubwa huo hautokani na wastani wa kasi ya msomaji. Unatokana na kituo kirefu kabisa anachoweza kukifanya.

La tatu ni agizo la bafa kujaa. Wengi hupendelea kufuta kipimo cha zamani ili kuweka kipya, lakini kufanya hivyo humlazimu mwandishi kuisogeza namba ya msomaji, na hapo kanuni ya kila namba kuwa na mwenyewe huvunjika. Njia salama zaidi ni kukataa kipimo kipya na kuongeza hesabu ya vilivyokataliwa. Hesabu hiyo isomwe na Linux na iandikwe kwenye kumbukumbu za safari. Data iliyopotea kimya humdanganya mchunguzi. Data iliyopotea ikahesabiwa humwambia ukweli. Vilevile, taarifa za hatari zitengewe bafa yake, ili wingi wa vipimo vya kawaida usizinyime nafasi.

6.0 Njia ya Kurudi: Amri na Mipangilio

Mawasiliano hayaendi upande mmoja tu. Linux nayo hupeleka amri: njia imebadilika, kimo kiongezwe, safari isitishwe. Amri ambazo hazipaswi kupotea hupitia bafa ya mzunguko ya pili, iliyogeuzwa: Linux huandika, na kazi ya wakati halisi hutazama mwanzoni mwa kila mzunguko. Ikikuta tupu, huendelea bila ya kusubiri. Ikikuta amri nyingi, huchukua idadi iliyowekewa ukomo, ili wingi wa amri usiwe chanzo kipya cha kuchelewa. Kisha hurudisha uthibitisho kupitia bafa ya kwanza.

Kwa mipangilio ambayo thamani ya karibuni pekee ndiyo yenye maana, ipo mbinu inayovutia lakini yenye mtego. Mwandishi huongeza namba ya toleo kabla ya kuandika, ikawa witiri, na huiongeza tena baada ya kumaliza, ikawa shufwa. Msomaji akikuta witiri, au akikuta namba imebadilika alipokuwa akisoma, hurudia. Msomaji akiwa kazi ya kawaida, hakuna tatizo. Akiwa kazi ya wakati halisi iliyomkatiza mwandishi katikati ya maandishi kwenye kichakataji hichohicho, namba itabaki witiri. Msomaji atarudia bila kikomo, na mwandishi hatapata zamu ya kumaliza kwa kuwa kipaumbele chake ni cha chini. Mtambo utaganda. Mtego huu ni mbaya kwa sababu unaweza kupita majaribio yote ya karakana na kujitokeza baada ya miezi.

Dawa yake ni nafasi tatu. Moja ni ya mwandishi, moja ya msomaji, na ya tatu iko katikati. Mwandishi akimaliza, hubadilishana nafasi yake na ile ya katikati kwa agizo moja lisilogawanyika. Msomaji akiona kuna jipya, naye hubadilishana vivyo hivyo. Hakuna anayemsubiri mwenzake, na msomaji daima huwa na thamani iliyo kamili, hata kama ni ya muda mfupi uliopita.

7.0 Kiini Kimoja: Hali Baada ya 2024

Sambamba na mifumo ya viini viwili, kundi la wahandisi lilichukua njia nyingine: kukirekebisha kiini cha Linux chenyewe ili kiweze kukatizwa karibu kila mahali. Mradi huo, PREEMPT_RT, ulianza katikati ya miaka ya 2000 na kukua nje ya kiini rasmi kwa takribani miaka 20, hadi ulipokamilishwa ndani ya toleo la 6.12 lililotoka Novemba 2024. Chini yake, kufuli nyingi za ndani ya kiini hugeuzwa kuwa zenye urithi wa kipaumbele, na makatizo mengi hushughulikiwa na kazi zenye zamu na vipaumbele kama kazi nyingine.

Kwa mhandisi wa Kigali hili lina maana kubwa. Kompyuta ndogo ya bei nafuu inaweza sasa kupata uwezo huu bila ya kiini cha pili. Kuita huduma ya kumwamsha msomaji si mwiko tena kama ilivyokuwa chini ya RTLinux.

Hata hivyo, kanuni ya msingi haijafutwa. Kiini kilichorekebishwa hakiwezi kuifanya kadi ya kumbukumbu iwe na haraka, wala mtandao wa simu usikatike. Kazi ya wakati halisi inayoandika faili katikati ya mzunguko wake itachelewa chini ya PREEMPT_RT kama ingalivyochelewa zamani. Bado inapaswa kutenga kumbukumbu yake yote mapema, kuifunga isihamishwe, na kuwaachia wengine uandishi kupitia bafa ya mzunguko. Pale ambapo ukomo ni wa mikrosekunde chache, au maisha ya mtu yanategemea mzunguko huo, kutenganisha kabisa kunabaki kuwa busara: kazi ya wakati halisi hupewa kichakataji kidogo chake pekee na kuzungumza na Linux kupitia kumbukumbu ya pamoja. Rafu ni ileile. Kilichobadilika ni ukuta.

8.0 Upimaji

Madai ya kasi yasiyopimwa hayana thamani, na kipimo kinachotoa wastani pekee kinapotosha. Programu ya cyclictest, inayotumiwa sana na wahandisi wa Linux, huiamsha kazi kwa vipindi maalumu na kurekodi ucheleweshaji mkubwa kabisa uliotokea. Kipimo hicho kifanyike mfumo ukiwa umeelemewa: kadi ikiandikwa, mtandao ukijaa, kichakataji kikiwa na joto. Tena kifanyike kwa saa nyingi, kwa kuwa tukio la mara moja katika milioni, kwa kazi inayorudiwa mara 1,000 kwa sekunde, hutokea takribani kila baada ya dakika 17.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mawasiliano ya haraka baina ya kazi za wakati halisi na kazi za kawaida yana msingi mmoja usiobadilika, licha ya kubadilika kwa teknolojia kutoka RTLinux hadi PREEMPT_RT. Waswahili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika mitambo hii, kungoja huangusha ndege. Upande wenye ukomo huandika na kuondoka, husoma kilichopo na kuondoka. Upande usio na ukomo ndio unaobeba mzigo wa kusubiri, kuhifadhi na kutuma.

Maamuzi mazito hubaki kwa binadamu: bafa iwe kubwa kiasi gani, data gani ikataliwe rafu ikijaa, na nani aarifiwe kwamba imekataliwa. Maamuzi hayo hufanywa wakati wa kubuni, mezani, kabla ya ndege kurushwa na kabla ya mgonjwa kulazwa. Inapendekezwa kwamba vyuo vya ukanda huu viyafundishe mapema, na kwamba wataalamu wa istilahi wa Kiswahili washirikiane na wahandisi ili mafundi watakaoitunza mitambo hii waweze kuyajadili kwa lugha wanayoielewa vyema.